Lubosz Bado Yuko Ghorofani

Nimewaozesha mara tatu, Wiesława na Radomir,
na mara mbili nimewatenganisha kwa mkono huu huu
unaoshika kikombe cha chai ya limau
katika chumba cha waandishi, Wrocław, orofa ya nne,
dirisha likitazama reli za tramu
na theluji iliyokwisha kuwa tope.

Mara ya kwanza ilikuwa barua nyuma ya jokofu.
Mara ya pili, pacha. Nilikuwa na homa, mnisamehe.
Mtayarishaji wetu, Bi Teodozja, ana saa ya mkononi
na kauli moja tu: "Furaha haina vipindi."
Mvumilivu hula mbivu, sawa,
lakini kwetu akishaimega tu
watu wanainuka kwenda kuchemsha maji.

Basi kila wakitulia nawatafutia jiwe la kujikwaa.
Wakinunua kitanda, nawasha moto.
Wakipata mtoto, nahesabu siku mpaka apotee.
Mtoto mwenyewe, Kalina, tulimpeleka shule ya bweni
ana miaka minne,
akarudi baada ya likizo moja ana kumi na saba,
macho yamegeuka rangi,
na mama yake akamkumbatia bila kuuliza.

Na Lubosz, kaka yake Radomir:
mwaka wa pili, kipindi cha tisini na nne, alisema,
"Ngoja nichukue koti juu,"
akapanda ngazi.
Mwigizaji alipata kazi Gdańsk. Sisi tukapata shughuli.
Miaka kumi na saba hakuna aliyemwita mezani.

Jagna alianza kuwa Wiesława akiwa na miaka ishirini na minne.
Sasa sijui nani anamzeesha nani.
Benki husita kabla ya kutia saini
kwa sababu Wiesława aliwahi kughushiwa yake.
Mumewe, yule wa nyumbani, aliondoka mwezi Machi
akisema, "Kazini unalia vizuri zaidi."
Sentensi hiyo niliiiba. Ikaenda hewani Mei.
Jagna aliisikia kinywani mwa Ziemowit, ndani ya koti la Radomir,
mara sita,
tukitafuta mwanga mzuri.

Kisha ikaja barua ya penseli kutoka wodi moja Bydgoszcz.
Bi Genowefa, mwandiko umeinama kama watu kwenye upepo:
*Waache baridi hii moja tu.
Ijayo ufanye utakavyo,
sitakuwepo kukugombeza.*

Nikaandika ukurasa usio na kitu.
Mume na mke jikoni, wanamenya viazi.
Mmoja anasema chumvi imekwisha.
Mwenzake anasema atanunua kesho.
Simu hailii. Mlango haubishwi.
Hakuna aliyesimama nyuma ya pazia.
Bi Teodozja akatazama saa: sekunde arobaini na mbili.
"Hii ni nini?"
"Ndoa," nikasema.
Akakata, akaacha kumi na moja.

Katika hizo kumi na moja
Jagna, bila kuelekezwa na mtu,
alibandua kipande cha ganda kwenye nyusi ya Ziemowit
kwa kidole gumba,
akakifuta kwenye sketi,
akaendelea kumenya.
Miaka kumi na tisa sijaandika kitu kama kile.

Sijui kama kule wodini runinga ilikuwa imewashwa.

Leo Jumatatu. Lazima mmoja wao aanguke:
tumekubaliana kikaoni, ngazi zimepigwa nta,
gari la wagonjwa limekodiwa mpaka saa kumi.
Nimeandika *Radomir*, nimeweka nukta mbili,
na kalamu haitaki kushuka.

Maana huko juu, kwenye ghorofa ambayo hatukuijenga,
ambayo ni mbao tupu na nyaya za taa,
namsikia mtu akifungua kabati, akifunga,
akifungua,
akisukuma vitundikio kimoja baada ya kingine,
bila haraka,
kama mtu anayejua wanamsubiri.